Mama Nadège na Sahani ya Wajane

Kitendawili! Mji mzima tunalea mtoto mmoja, tunamlisha kila siku, na hakuna anayemjua mama yake. Usijibu haraka. Mama Nadège wa Lweba alitembea nacho miaka mitano.

Alizaliwa Lubondja mwaka 1969, katika nyumba ya wakulima wa mihogo, akaolewa Lweba, kijiji cha kando ya ziwa, na Darius, mvuvi. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa mpaka kambini Tanzania. Waliporudi mwaka 2007, wazee wengi walikuwa wamebaki kule makaburini, lakini desturi zao zilikuwa zimerudi pamoja na watu. Mojawapo ilikuwa sahani ya wajane: sahani moja ya bati, yenye ukingo wa bluu, iliyohama kutoka mjane hadi mjane. Mwanamke aliyefiwa na mume alikula humo mwaka mzima, peke yake, nyuma ya jiko, wengine wakisha kushiba. Aliyekula naye, walisema, atafiwa vilevile. Nadège, kiongozi wa bamama katika shirika, yaani jumuiya yao ndogo ya sala, ndiye aliyeibeba sahani hiyo. Aliibeba kwa uaminifu, hata akamchapa mtoto wake Bienfait siku alipoigusa. Tusilifiche hilo, utakatifu wake haukuanza siku aliyozaliwa.

Mwaka 2017 Alida, mkimbizi kutoka Burundi, alifiwa na mumewe kwa malaria, naye ananyonyesha mtoto wa miezi minne, Eloge. Nadège akampelekea sahani: bugali baridi na mabaki ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Baada ya wiki tatu maziwa yakakauka, na mtoto akabaki macho na mbavu. Alida hakulalamika. Aliuliza tu:

"Mama, kwetu hii hatuna. Inakinga nani?"

Nadège akaondoka na swali hilo. Alisali siku mbili bila kula, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba na kitendawili chake. Hakumtukana mtu. Bamama walicheka kwanza, halafu wakatafuta, halafu wakasema wote jibu moja: "Tulikuta vile." Koko Faila, mkubwa wao kwa umri, aliulizwa mara tatu, na mara tatu aliinamia ndagala zake, dagaa alizokuwa anaanika.

Basi Nadège akapika ndagala, akazibeba zingali moto, akaketi chini nyuma ya jiko na kula na Alida sahani moja. Akafanya hivyo kila siku. Shirika likamwondoa katika uongozi. Sokoni hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Wavuvi walimchokoza Darius ufukweni: "We ungali muzima? Bibi yako amekwisha kukula ku sahani ya bajane!" Naye akajibu, "Ningali, na njaa iko. Mupishe nifike nyumbani." Kwa hofu alikonda, lakini akabaki na mkewe.

Maziwa ya Alida yakarudi. Wengi wanauita muujiza. Nadège mwenyewe alisema ni ndagala. Eloge leo yuko shuleni. Mmoja mmoja bamama wakaanza kuketi nyuma ya jiko, wengine kwa kujificha. Hilo ndilo la kuiga kwake: aliuliza kwanza mkono wake mwenyewe unabeba nini, ndipo akawauliza wengine.

Alikufa Februari 2022, kwa ugonjwa wa sukari, na Darius ndiye aliyemzika. Baada ya maziko, watu walipoandaliwa chakula, Darius alikataa sahani aliyopewa.

"Muniletee ile ya bluu," alisema. "Na mi nimefiwa. Ao inakinga nani?"

Mwanaume hakuwahi kupewa sahani ile, na hakuna aliyejua kwa nini. Ndipo Koko Faila akajiinua kwenye mkeka, akashika bega la Alida ili asimame.

"Nadège aliniuliza mara tatu, nikanyamaza. Mwaka wa kolera bwana yangu alikufa, nikatenga sahani yangu, juu ya batoto basipate ule ugonjwa. Ilikinga batoto. Bakapona. Kisha mwenzangu akafiwa, bakamupatia ile sahani, na mi nikanyamaza, juu nilichoka kukula peke yangu." Akawatazama bamama. "Ule mutoto wa kitendawili munatafuta mama yake, ni mi nilimuzaa."