Mshenga wa Gari la Mkopo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hunijia kila nipitapo karibu na stendi ya Songea, nami hucheka peke yangu barabarani. Nilikuwa ndani ya ofisi ya kampuni ya mikopo, kalamu mkononi, mkataba mezani, na shangazi yangu Fides ameweka kiganja chake juu ya pale pa kutia sahihi. Aliweka mkono tu, kama mtu anayezuia nzi wasitue kwenye mboga.

Usidhani mimi ni mzee sana. Mvi zimeanza juzi, na ndoto ya kumiliki basi lenye jina la mke wangu kiooni bado ninayo. Ila siku hizi vijana wananipa shikamoo, kwa hiyo na mimi nimejipa ruhusa ya kutoa nasaha.

Gari lilikuwa la viti saba vya abiria. Nililiendesha mimi, kadi yake ilikaa kwa waliolikopesha. Asubuhi nilibeba akina mama wa nyanya na kabichi kutoka Peramiho kuja sokoni Songea, jioni nikawarudisha na matenga matupu. Ningetulia hapo, lakini mtu wa ndoto hatulii. Nikakopa kwingine, na kwingine tena, nikanunua mahindi kwa wakulima wa Namtumbo niyaweke mpaka bei ipande. Bei ikashuka, na dumuzi wakala kilichobaki ghalani. Ikafika mahali hata kwenda kanisani nachagua njia nisikutane na wanaonidai.

Mwisho nikaenda mahakamani kuomba nitambuliwe kwamba nimefilisika. Mwanasheria aliyenisaidia, dada mmoja mpole, alinieleza kwamba vitu vyangu vya thamani vitakusanywa, wanaonidai wagawane, halafu nianze upya. Nikamuuliza, na gari? Akasema gari la mkopo lina mambo yake. Ama nilirudishe kwa wenyewe, ama nikaongee nao waniruhusu kuendelea kulilipa. Akanionya nisilifiche kwa ndugu wala kuliandikisha jina la mtu mwingine, maana hapo nitakuwa nimeongeza kosa juu ya shida.

Mimi moyoni nilishaamua. Kiwanja changu cha Ruhuwiko kiende, makochi yaende, gari libaki.

Sasa huyu shangazi Fides, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekwenda kuniposea mke wangu Rehema. Unajua kwetu bwana harusi hajisemei, anasemewa na mshenga, yeye anakaa kimya na kutazama vidole vya miguu. Nikamwambia kwa utani, shangazi, twende ukaniombee na gari. Yeye hakuliona kuwa utani. Alivaa kitenge chake cha sherehe, tukaingia ofisini, na yule afisa mikopo kijana alipompa shikamoo, akaitikia, akakaa sawasawa kitini.

"Marahaba, baba. Tumekuja kwa jambo la heri, kama mtatupokea."

Kijana akacheka. Kisha akaona shangazi hacheki, naye akakaa vizuri.

Akatueleza kwa upole kwamba kampuni inaweza kunipa mkataba mpya, muda mrefu zaidi na rejesho dogo kuliko la zamani. Moyo wangu uliruka. Kalamu nikaishika kabla sijapewa. Ndipo kile kiganja kikashuka mezani.

"Baba," shangazi akamuuliza yule kijana, "huyu akikwama tena?"

"Tutachukua gari, mama. Likiuzwa kwa bei isiyotosha, tutamdai kilichobaki."

"Si mahakama inamfutia madeni?"

"Inaangalia yale ya nyuma. Huu mkataba anausaini leo, kwa hiari yake, akijua hali yake. Deni hili atabaki nalo."

Shangazi akakunja kitenge chake vizuri, akasimama. "Tumesikia. Jibu tutaleta."

Mshenga hajibu siku ya kwanza, mwanangu, hata kama anatamani kujibu. Anarudi nyumbani kwanza. Kijana akasema atatusubiri mpaka mwisho wa wiki. Mimi nje nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nikamwambia, shangazi umeniharibia, watu wamekubali wewe unakataa.

"Nilipokuposea Rehema nilikuuliza utamlisha nini," akasema. "Hili nalo litakula nini?"

Nikasema linajilisha lenyewe. Hakubishana na mimi. Tulipofika nyumbani akamuuliza Rehema mbele yangu kama ni kweli. Mke wangu alikuwa anamimina chai, hakuinua hata macho.

"Viti saba, shangazi. Vinne ni vya ukoo."

Na ilikuwa kweli. Shemeji anakwenda Songea, bure. Wanakwaya wanakwenda kuimba, bure. Binamu anahamisha kitanda, bure, na mafuta juu yangu. Hata kabla ya mahindi rejesho lilikuwa limeanza kusuasua, ila nilikuwa sitaki kuliona. Nikipita barabarani watu wanasema huyo mwenye gari anapita, na mimi nalainika kama samli.

Shangazi akaniuliza polepole, "Unataka gari, au unataka kuitwa mwenye gari?"

Nikaweka kikombe chini. Nikasema nataka kazi. Akasema basi nikawaambie hivyo wanaopanda.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mahakama. Nilizunguka kwa ndugu, nyumba kwa nyumba, nikawaeleza kwamba nimefilisika, na kwamba kuanzia sasa kila kiti kina nauli yake, isipokuwa cha mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wengine walinipa pole. Binamu yangu, yule wa kitanda, alisema mbele za watu, "Pesa zimekwisha, sasa anamalizia na undugu." Watu wakacheka. Nilicheka nao, maana ningefanya nini, lakini njiani macho yalinilowa.

Kisha mimi na Rehema tukakaa, tukatazama viti saba vyote vikilipa vinaleta nini, na gari likilala gereji tutapungukiwa nini. Tukaona tunaweza, kwa kubana. Ingekuwa haiwezekani, nakuapia, ningelipeleka lile gari mwenyewe na funguo zake.

Mwisho wa wiki tukarudi ofisini. Shangazi akaomba jambo moja, rejesho lichukuliwe kila baada ya siku ya soko badala ya mwisho wa mwezi, kwa sababu, alisema, pesa mfukoni mwa huyu huwa hazizoei kukaa. Kijana akakubali. Nikatia sahihi.

Nikamrudisha shangazi Peramiho, amekaa mbele na kitenge chake cha sherehe. Tulipofika kwake akafungua fundo la kitenge, akanipa nauli. Nikarudisha mkono nyuma. Nikamwambia shangazi hapana, wewe hasa hapana.

"Pokea. Ukinisamehe mimi leo, kesho utamwambia nini shemeji yako?"

Nikapokea. Akashuka, akafunga mlango taratibu, nami nikageuza gari kutafuta abiria wa kurudi nao mjini.

Kwa hiyo mwanangu, ukifika siku ya kufilisika, na haifiki kwa wavivu peke yao, usikimbilie kushikilia chombo kwa sababu ya macho ya watu. Uliza mkataba mpya utakufanya nini ukikwama tena. Usijibu siku hiyo hiyo. Nenda na mtu anayekupenda ambaye haoni aibu kuuliza. Chombo kikiweza kujilipa, kipiganie bila kuficha kitu. Kisipoweza, kirudishe, miguu bado unayo.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na usingizi mtulivu baada yake. Akupe na shangazi kama wangu.