Sahani ya Pili

Shangazi yangu wa Kisanga aliandika katika daftari kila jioni tangu mumewe alipokwenda vitani. Mume huyo aliondoka na wanamgambo wenzake kwa treni, kutoka stesheni ya Kilosa, kwenda vita vya Kagera, ndoa yao ikiwa haijatimiza mwaka. Hakurudi. Shangazi hakuolewa tena, wala hakujaliwa mtoto. Na kwa kuwa hakuwa na mtoto ambaye angeitwa mama yake, majirani walimwita mke wa marehemu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki mahali pamoja tu: juu ya jalada la daftari lile.

Nilikuwa nikikusanya maandishi ya wanawake kuhusu vita. Nilipokwenda kumwomba daftari, macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa presha ya macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeleta mkate, au umeleta maswali tu kama kawaida yako?"

Nilikuwa nimeleta vyote viwili. Alilitoa daftari sandukuni, chini ya khanga, huku akicheka. "Msomi mzima unapanda basi kuja kutafuta vita humu! Humu mna maharage, mwanangu. Vita walikwenda navyo wanaume."

Nililisoma mara tatu. Maharage yalikuwamo kweli. Kila siku ilianza na mvua, ikafuata kazi ya shamba, kisha mboga iliyopikwa, na kila siku ilifungwa kwa maneno mawili: Sahani mbili. Alikuwa akimpakulia mumewe kila jioni, akaifunika sahani, na asubuhi akala kiporo chake. Mahali fulani kuelekea mwisho maneno hayo yaligeuka kuwa Sahani moja. Niliyaona. Nakumbuka hata wino, uliokuwa umepauka. Tarehe sikuiandika, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine.

Nikanakili kwa uangalifu niliofundishwa. Nilihifadhi habari za redio, barua mbili zilizotoka mpakani, na siku maofisa walipofika mlangoni kumpa taarifa ya msiba. Mvua, mboga na sahani niliziacha, nikizihesabu kuwa marudio. Jina lake nililiondoa pia, kwa kufuata kanuni za utafiti, nikaandika jaladani: mwanamke mmoja wa Kilosa. Kurasa zilichapwa na kubanwa katika duka la steshenari pale Mikumi, malori ya Iringa yakiitikisa meza kila yalipopita. Nikampelekea nakala hiyo, pamoja na daftari lake.

"Hii ndiyo safi?" aliuliza, akizipapasa kurasa.

"Ndiyo, shangazi. Hiyo ndiyo safi."

Nilirudi baada ya miezi kadhaa. Macho yake yalikuwa yamezima kabisa. Mkate aliupokea, akauweka kando bila mzaha wowote.

"Nisomee siku niliyoacha kumpakulia," alisema. "Nataka kujua kama ilikuwa kabla ya wale maofisa kuja, au baada. Mimi nimesahau. Kama ni kabla, basi nilimzika angali hai."

"Daftari liko wapi, shangazi?"

"Si uliniletea safi? Rafu niliwashia moto, kuni zilikuwa mbichi. Liliwaka kuliko magunzi."

Alisoma shule ya misheni. Huko mtoto aliandika kwanza katika daftari la rafu, akanakili kazi safi, mwalimu akaikagua, na rafu ikapelekwa jikoni. Aliyeitunza baada ya hapo alihesabiwa mchafu. Mimi nililelewa kwa utaratibu uleule. Aliponiuliza kama ile ndiyo safi, alikuwa akiomba ruhusa ya kulichoma daftari, nami nilimpa.

"Haya, nisomee. Kabla, au baada?"

Kazi yangu yote imesimama juu ya sharti moja: sisemi maandishi yamesema nini pasipo kuyaona. Nilizifungua kurasa zile, nikazigeuza polepole ili asikie karatasi, nikasoma: "Leo mvua hakuna. Nimepalilia maharage. Ni siku ya tisa tangu maofisa waje. Mchicha. Sahani moja."

Aliiweka mikono yake magotini.

"Siku ya tisa," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mchicha nilikuwa nautia karanga. Yeye aliupenda hivyo. Soma tena."

Nikasoma tena.

Tangu hapo, kila niendapo Kisanga huniomba nimsomee siku hiyo. Kwa kuchelea kubadili hata neno moja, nimeiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa nakala yake. Pale jaladani nimefuta maneno mwanamke mmoja wa Kilosa, nikarudisha jina lake. Siku pekee ya maharage na mboga iliyomo chini ya jina hilo, niliitunga mimi.