Mkusanyaji wa Gemu Asiyejua Kucheza

Sebuleni kwetu, hapa Kisii mjini, kuna kabati la kioo lililonunuliwa liwe la vyombo vya harusi. Vyombo vya harusi viko chini ya kitanda, ndani ya katoni. Kabatini mna gemu: mashine za zamani za kuchezea kwenye televisheni, kaseti zake za plastiki zinazochomekwa juu ya mashine, na pedi, yaani vile vidude vya kushika kwa mikono miwili, vyenye vitufe na waya. Kila kimoja nimekiwekea kikaratasi cha maelezo kwa mwandiko wangu wa kialimu. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa kama atakunywa chai, huwa nimeshamsimamisha mbele ya kabati. Mke wangu husema wageni wetu wamepungua na yeye hajui ni kwa nini.

Kuna jambo ambalo sikuwaambia wageni hao hata siku moja. Sijui kucheza.

Nilizaliwa Gesima, kwenye majani chai. Karibu na kituo cha kuuzia majani palikuwa na kibanda chenye televisheni ndogo ambamo vijana walicheza gemu mchana kutwa. Mama yangu ni Msabato wa kweli, na aliamini kwamba kitu kinachomfanya mtu akodoe macho na kuacha mdomo wazi hakiwezi kuwa kimetoka kwa Mungu. Basi mimi nilichungulia tu kwenye ufa wa mbao, kikapu cha majani kikiwa mgongoni. Nilichoona ni mabega ya watu na kona moja ya skrini, ile ya juu kushoto. Nikawa mtaalamu wa kona hiyo. Ndani yake kulikuwa na mawingu na alama za mchezaji. Yaliyokuwa yakitendeka huko chini niliyajua kwa kelele za wachezaji.

Nilisahau mambo hayo, nikasoma, nikawa mwalimu wa hesabu, nikaoa. Kisha siku moja mke wangu akanituma kabichi na vitunguu soko la Daraja Mbili. Kando ya rundo la mitumba kulikuwa na mzee aliyetandaza turubai lenye chaja, rimoti zisizo na mwenyewe na nyaya zilizosokotana. Katikati ya nyaya hizo nikaona kaseti ya njano. Niliiokota, nikaipuliza kama nilivyosikia wale vijana wakipuliza, na moyo wangu ukaenda mbio kama wa mtu aliyeona jina lake gazetini. Nilirudi nyumbani bila kabichi. Vitunguu nilikumbuka, lakini nilivisahau kwa yule mzee wa chaja.

Kuanzia siku hiyo nikawa mkusanyaji. Neno hilo nililipenda sana. Nilikuwa nikilitamka polepole.

Aibu yangu ya kwanza ililetwa na brosha. Yule mzee wa Daraja Mbili, akiisha kujua udhaifu wangu, alinitolea karatasi iliyokunjwa mara tatu, yenye maandishi ya Kijapani. Ilikuwa na mchoro wa mashine nyeupe yenye kitufe cha mviringo, na familia moja imeketi kuizunguka, wote wakitabasamu. Niliichukua kwa mikono miwili. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu, nikaitundika juu ya kabati, na kwa miezi mingi nikawaeleza wageni kwamba hiyo ndiyo brosha ya mojawapo ya mashine za gemu za mwanzo kabisa, na kwamba watu wengi duniani hawajabahatika kuiona. Hata mchungaji niliwahi kumweleza. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

Jioni moja mke wangu alisimama mbele ya ile fremu akiwa ameinua simu.

"Simu hii siku hizi inasoma lugha za watu," alisema.

"Ya kwetu inasemaje?" nikamuuliza, nikijiandaa kupongezwa.

Alisoma kimoyomoyo kwanza, akameza kicheko, kisha akasoma kwa sauti. "Inasema, 'Osha mchele mara tatu.' Halafu inasema, 'Usifungue kifuniko kabla wali haujaiva.'"

Alikwenda jikoni, na kwa muda mrefu nilisikia sufuria zikigongana na mtu akicheka peke yake.

Mwenye busara angeacha hapo. Mimi nilikata shauri kwamba kilichonikosesha ni kutafuta mahali pamoja tu. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba maduka ya zamani ya Nyamarambe huwa hayatupi kitu. Bidhaa isiponunuliwa hubaki rafuni mpaka mjukuu airithi. Likizo ilipofika nikafunga safari. Pedi zangu nyingi zilikuwa zimekatika waya, na nilitaka nyingine.

Niliingia duka la kwanza nililoliona. Nyuma ya kaunta alikuwa mama wa makamo akipima sukari, na wanawake wawili walikuwa wakisubiri. Nilisalimia vizuri kwa Ekegusii, nikajitambulisha kuwa mwalimu kutoka Kisii mjini, kisha, kwa kuwa nilitaka ionekane kwamba ni shughuli ya kitaalamu, nikahamia Kiswahili.

"Samahani, Mama. Una pedi za zamani?"

Mkono wake uliokuwa na kijiko cha sukari ulisimama hewani. "Pedi?"

"Ndiyo. Za zamani."

"Za zamani vipi? Ziko mpya hapa. Ni za mke wako?"

"Hapana, ni zangu mimi," nikasema. "Na si lazima ziwe mpya. Hata zilizotumika nachukua. Hizo ndizo nazipenda zaidi."

Mmoja wa wale wanawake alirudi nyuma hatua mbili. Nilidhani ananipisha. Nikaona afadhali nifafanue, maana mwalimu akiona darasa limenyamaza hudhani halijaelewa.

"Ni mkusanyiko," nikasema. "Nimeziweka nyumbani kwenye kabati la kioo. Wageni wakija huwa nawaonyesha."

Yule mama wa duka aliweka kijiko chini. Aliinama akamuuliza mwenzake kwa Ekegusii, bila hata kushusha sauti, kama ingefaa wamwite kinyozi wa duka la jirani na wenzake waje kunishika. Hapo ndipo damu iliponipanda usoni na maana ya maneno yangu yote ikanishukia, neno moja baada ya jingine, kama magunia yanayoanguka kutoka juu ya lori. Nikainua mikono yote miwili nikaanza kubonyeza hewa kwa vidole gumba, kuonyesha jinsi pedi zinavyotumika. Jambo hilo halikunisaidia.

"Gemu!" nikapiga kelele mwishowe. "Pedi za gemu! Za kucheza kwa tivi!"

Walicheka mpaka mmoja akakalia gunia la mahindi. Mama wa duka alijifuta machozi kwa upindo wa leso yake, na kila akinitazama alianza upya. Alipopata pumzi aliniambia, "Mwalimu, hapa hatuna. Lakini huko kwenu mjini kuna mama wa Kiislamu anauza vitambaa, mimi hununua mashuka kwake. Nyuma ya duka ana hiyo gemu. Nimeisikia ikilia." Akanielekeza duka lenyewe. Nilikuwa nikilipita kila siku nikienda kazini.

Wiki iliyofuata nilikwenda. Njiani nilifanya mazoezi ya kutojali. Mkusanyaji hodari, nilikuwa nimejiambia, haonyeshi hamu.

Mwenye duka alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, amejifunga mtandio mweusi, miwani ikining'inia kifuani. Babu yake alikuja kutoka Pwani kufanya biashara, akaoa huku huku, kwa hiyo bibi huyu anazungumza Kiswahili kinachonifanya nione haya kwa changu, na Ekegusii kisichokuwa na kasoro.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka mashuka?"

"Hapana, mimi ni mwalimu wa hapa mjini, napita tu. Nimesikia una gemu ya zamani imekaa huko nyuma. Kama hiyo taka inakuzibia nafasi, naweza kukuondolea."

Alivaa miwani yake. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Taka," alisema. "Ingia, mwanangu, uione hiyo taka."

Nyuma ya pazia palikuwa na chumba chenye majora ya vitambaa hadi darini, na katikati yake televisheni nene ya zamani juu ya meza. Mashine ilikuwa pale, safi, haina hata vumbi. Ilikuwa na pedi mbili. Moja vitufe vyake vilikuwa vimelika hadi rangi imekwisha. Nyingine ilikuwa imefungwa ndani ya kipande cha leso.

"Wajua kucheza?"

"Mimi ni mkusanyaji," nikasema.

"Sikukuuliza wewe ni nani. Nimekuuliza wajua kucheza?"

Hakungoja jibu. Aliwasha, akasogeza kigoda, akaifungua ile leso na kunipa pedi iliyokuwa ndani. Ulikuwa mchezo wa vifaru vya vita: wachezaji wawili wanalinda ngome yao chini ya skrini, adui wanatokea juu. Nilibonyeza kitufe cha kwanza nilichokigusa.

"Hiyo ilikuwa nyumba yetu, Mwalimu," alisema kwa upole. "Umeibomoa."

Tulianza tena. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayechambua mchele, hakuviangalia. Mimi nilikuwa nikiinua pedi hewani na kuinamisha mwili mzima kila kifaru changu kilipotaka kukata kona. Katika raundi ya tatu nilifaulu kupiga kitu. Nilishangilia. Nilikuwa nimempiga yeye.

Kifaru chake kilikuwa kimekwama. "Marehemu naye alikuwa akinipiga hivyo hivyo," alisema. "Kisha anasema ni bahati mbaya."

Ndipo aliponieleza. Mume wake aliwaletea watoto mashine ile. Watoto wakaenda shule za bweni, wakaenda zao maishani, na wazee wawili wakabaki nayo. Baada ya sala ya adhuhuri wateja hupungua, basi walikuwa wakiketi pale kulinda ngome yao mpaka alasiri, miaka na miaka. Mzee alipofariki, bibi aliifunga pedi ya marehemu ndani ya leso. Aliendelea kucheza peke yake, lakini mchezo ule, alisema, ukiwa peke yako adui hukujia pande zote mbili.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilimuuliza kama brosha yake bado ipo.

Alicheka hadi miwani ikaanguka. "Siuzi kitu hapa isipokuwa vitambaa," alisema. "Lakini Jumapili uje. Ulete hizo kaseti zako tuone kama umekusanya au umekusanyiwa."

Jumapili nilizibeba zote, nimezipanga ndani ya sanduku. Ile niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nimeifunga kwa nailoni, na kikaratasi chake kilisema: "Adimu. Usiguse." Bibi aliigusa. Aliichomeka, skrini ikabaki nyeusi. Aliipuliza, akaipangusa kwa pamba yenye spiriti, bado. Akachukua bisibisi ya cherehani, akafungua skrubu, akaweka gamba la juu kando.

Ndani hamkuwa na kitu cha umeme. Kulikuwa na kipande cha zege, kimebandikwa kwa gundi ili kaseti iwe na uzito.

"Hii kweli ni adimu," alisema.

Nusu ya kaseti zangu hazikufanya kazi, na sikuwahi kujua, kwa sababu sikuwahi kuzichomeka. Zile nzima aliniomba niziache kwake wiki moja azijaribu. Mimi, niliyekuwa nikiwapiga marufuku watoto wa ndugu zangu hata kukipumulia kioo cha kabati, niliziacha bila kuuliza lini zitarudi. Nyingine sijaziona tangu siku ile.

Nikawa mtu wa kwenda kila Jumapili mchana. Mke wangu alivumilia majuma manne. Jumapili ya tano alivaa viatu.

"Nataka kumwona huyo mwanamke anayekufanya uoge mara mbili," alisema.

Nilimwambia ana umri wa mama yangu. Alisema hilo ataliona mwenyewe. Alipoingia nyuma ya pazia na kumkuta bibi wa watu amekunja miguu kwenye mkeka, pedi mkononi, alivua viatu. Bibi alimkaribisha, akamwuliza habari za nyumbani kwao Nyamira, kisha akanitazama mimi, akautazama mkono wangu uliokwisha kushika pedi ya pili, akasema, "Mwalimu, hebu mpishe mwenzako kidogo."

Nilimpa ile pedi. Mke wangu hajawahi kugusa gemu maishani. Raundi ya kwanza walifungwa. Ya pili walishinda. Ya tatu nilijaribu kumshauri aende kulia, wote wawili wakanifanyia "shh!" kwa pamoja.

Tangu hapo kazi yangu ni kupuliza kaseti, kushika waya wa televisheni picha ikiyumba, na kuwahudumia wateja wa mashuka. Nimejifunza tofauti ya pamba na poliesta. Mke wangu na bibi huitana mtu na mkwe wake, wanasemana kwa Ekegusii haraka haraka, na ngome yao haibomoki.

Jumapili iliyopita walikuwa wamefika mbali kuliko wakati wowote. Bibi alisema hata yeye na marehemu hawakuwahi kuona kilicho mbele. Nilisogea karibu, nikapiga magoti nyuma yao, kwa mara ya kwanza maishani nikiona skrini nzima na kuelewa kila kitu kilichokuwa kikitendeka.

"Mwalimu," bibi alisema bila kugeuka, "chai haina maziwa."

Nilikimbia. Duka la kwanza halikuwa na maziwa, la pili lilikuwa na foleni. Nikiwa narudi, pakiti mkononi, nilisikia kelele zao tangu barabarani. Mpita njia mmoja alisimama kusikiliza. Nilipofungua pazia walikuwa wamekumbatiana, mke wangu akifuta machozi, na kwenye skrini vifaru vimesharudi raundi ya kwanza.

"Kulikuwa na nini?" niliwauliza. "Mmeona nini?"

Walitazamana.

"Ungekuwepo," alisema mke wangu, akanipokea maziwa.