Swali Nililomuuliza Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, Kisumu, Mkuu wa Nusukaputi hakunionyesha mashine. Alinipa stuli. "Keti na mgonjwa, bwana. Uliza ukoo yake kwanza. Mashine itangoja." Nilimwona mzee wa maneno mengi. Nilikuwa na cheti kipya na kichwa kikubwa.

Kazi yetu ilikuwa kuwalaza watu kwa dawa wapasuliwe, kisha kuwaamsha. Ndani ya kila chembe ya msuli mna vifuko vya kalisiamu vyenye milango. Neva ikileta amri, mlinzi aliye kwenye utando wa chembe huufungua mlango wa ndani. Kalisiamu humwagika, msuli hukaza. Kisha mlango hufungwa, pampu huirudisha kalisiamu vifukoni, na msuli hulegea. Lakini wako waliorithi mlango mbovu. Gesi yetu ya usingizi, halothani, ikiufungua, haufungiki. Misuli yote hukaza na mwili huchemka. Haya niliyajua kwa ajili ya mtihani.

Akaja Akinyi, mwenye uvimbe tumboni, mzaliwa wa Port Victoria aliyeolewa Dunga. Mama mkwe wake ndiye aliyemleta. Nikauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyefia kwenye usingizi wa dawa. Mama mkwe akadakia, "Kwetu hiyo kitu hakuna, daktari." Akinyi akainamisha macho, hakuweza kumsahihisha mama mkwe mbele ya mgeni. Nikaandika: hakuna.

Nilipompa gesi, taya lilikaza. Nikadhani usingizi haujakolea, nikaongeza. Mungu anisamehe, niliongeza. Dawa ya kuifunga ile milango hatukuwa nayo, na barafu tuliyoletewa na wauza samaki haikufua dafu. Akafa mikononi mwangu.

Mama yake mzazi alifika kesho yake. "Hata ndugu yake alikufia theatre," alisema. "Sasa mbona hamkuniuliza mimi?"

Papo hapo nilimwaza binti wa Akinyi, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Huenda alirithi mlango uleule. Ilinipasa kuwaambia. Nikaona aibu, nikasema pole, uvimbe ulimzidi nguvu, basi.

Nilihamishwa, nikafundisha wengi, nikastaafu nikisifiwa kwa ukali wangu kuhusu maswali ya ukoo. Sifa hizo zinaniuma. Mwezi uliopita nilikwenda Dunga kumtafuta yule binti. "Huyo aliolewa mbali, mzee," jirani akasema. "Hata sisi hatujui ni wapi."

Siku yoyote anaweza kulazwa mezani. Akiulizwa, atajibu kwa moyo mweupe kwamba mama yake aliuawa na uvimbe, kwa maana hivyo ndivyo nilivyowaacha waamini.