Msusi na Ujumbe wa Benki

Msusi wa Barabara ya Umbilo huachia kwanza nywele za mteja ndipo asome ujumbe wa benki. Hufuta mafuta vidoleni kwa kitenge alichojifunga, huishika simu mbali kidogo na macho, na husoma akichezesha midomo. Gracieuse, anayesukwa kwake kila mwezi, alidhani ni usafi tu. Jumamosi hiyo simu ililia, mikono ya msusi ikamtoka kichwani, na safari hii ujumbe ukasomwa mara mbili.

"Iko nini, mama?"

"Kodi ya duka imekatwa alfajiri, na pesa za wateja hazijaingia. Akaunti ilikuwa tupu, benki imenilipia, sasa inanitoza ada ya kunilipia." Alisema kwa sauti ileile anayoulizia kama maji ni ya moto.

Gracieuse alihisi uso ukimwaka. Alikuwa amelipia kusukwa huku jana kwa simu, kutoka benki nyingine, kwa sababu aliona uvivu kupita kwenye mashine kutoa keshi. "Hata yangu haijafika?"

"Yako iko njiani. Itaingia Jumatatu."

Msusi hakurudi kazini mara moja. Alisimama mlangoni akitazama malori yaendayo bandarini, akikunja na kukunjua vidole mpaka vikalegea. "Nikishika kichwa cha mtu na hasira, ninamvuta," alisema, "na yeye hana kosa." Kisha akarudi, akazigawa nywele taratibu kwa ncha ya chanuo. Gracieuse hakusikia maumivu yoyote, na hilo lilimchoma kuliko kama angevutwa.