Nilivyomwachia AI aniongelee dukani Kisangani, na siku niliyofungua kinywa mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, Congo.

Humu ndani mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita kimya kimya. Leo naandika. Yote haya yamenipata mimi, na sehemu za aibu nimeziacha kama zilivyo.

Kiswahili changu mtakivumilia. Niliishi Kigoma miaka kadhaa, kwa hiyo kuandika najitahidi, ila Kifaransa kitachomoza hapa na pale.

Naitwa Pascal. Nauza vipuri vya pikipiki upande wa Mangobo. Nina mke, Béatrice. Na nina kigugumizi.

Sizungumzii kile cha kubabaika kidogo mbele ya wakwe. Changu neno linakwama kooni, shingo inakaza, macho yanajifumba yenyewe, na mteja anaanza kuangalia pembeni kwa kunionea huruma.

Herufi zinazonitesa zaidi ni B na P. Sasa Mungu naye ana utani wake: mtu huyo huyo akampa biashara ya breki na plagi. Na jina akampa Pascal.

Wenye kigugumizi humu mtanielewa. Kichwani nina kamusi yangu ya maneno mepesi. Badala ya "pikipiki" nasema "moto", ile ya Kifaransa. Mtu akiniuliza jina, namwonyesha kibao cha duka.

Miaka yote niliishi hivyo na duka likaenda. Mteja ananyoosha kidole, mimi nafunga mzigo, tunaagana.

Kisha zikaja video.

Ghafla kila muuza vipuri mjini ana video fupi kwenye simu. Huyu anacheza na tairi shingoni, yule anaimba, yule amemweka mkewe mbele ya kamera. Motards (madereva wa pikipiki) wakawa wananunua walikoona video. Kwangu kukapoa. Kuna siku niliuza mnyororo mmoja tu kuanzia asubuhi mpaka kufunga.

Béatrice akamwita mdogo wake Trésor. Huyu ni mtu mzima, mwalimu wa informatique (kompyuta) sekondari. Akaja, akakaa, akasikiliza, akacheka.

"Beau-frère, juu ya nini unajitesa? Weye andika tu. IA itasema."

Beau-frère ni shemeji, na huku IA ndiyo AI, ni kitu kile kile.

Niliandika mistari sita. Trésor akaingiza kwenye app, akachagua sauti, akaongeza picha za pikipiki zinazokimbia kwenye lami nyeusi inayong'aa. Lami ya namna ile huku kwetu hakuna, ila picha ilipendeza.

Sauti sasa! Nzito, tulivu, Kiswahili safi cha pwani. "Karibuni wateja wetu wapendwa." Nilisikiliza mara nyingi sana. Wakuu, machozi yalinilenga. Yalikuwa maneno yangu, na yalitoka bila kukwama hata moja.

Video ikatembea. Wateja wakarudi. Ila walirudi na swali.

"Patron ule mu-Tanzanie iko wapi?"

Walidhani duka limenunuliwa na Mtanzania. Mimi walinichukulia kama mtu wa kupanga maboksi.

Hapo ningesema ukweli. Sikusema. Nilitafuta kwenye kamusi yangu nikapata "Mwenyewe amesafiri." Ilitoka vizuri, bila B wala P.

Kesho yake nikasema tena. Wiki ya tatu nilikuwa mfanyakazi kwenye duka langu mwenyewe. Watu waliniachia salamu za kumpelekea bosi. Mmoja alinishauri nifanye kazi kwa bidii, labda huyo bosi ataniongezea mshahara. Nikamshukuru.

Béatrice hakufurahi. "Nimeolewa na nani sasa?" aliniuliza siku moja tukila. Nilijifanya natoa miiba kwenye samaki.

Ndipo akaja Mama Kahindo, kwanza kwa simu.

Huyu ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, anaishi hapa, anasambaza bidhaa kwa maduka madogo ya njia ya Banalia. Njia hiyo ina kivuko, na mvua ikinyesha inakula breki kama mchwa na mbao. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumpa vipuri mwaka mzima.

Alinitumia ujumbe wa sauti. Nikaandika jibu, app ikalisema, nikamtumia. Akauliza tena, nikajibu tena. Tulienda hivyo wiki mbili. Majibu yalikuwa ya kweli, kwa sababu vipuri navijua mpaka ndani. Kinywa tu ndicho hakikuwa changu.

Siku moja asubuhi lori likasimama mbele ya duka. Akashuka mama mmoja mfupi, kitenge kizuri, rozari shingoni.

"Bonjour papa. Niko Kahindo. Patron iko?"

Nikasema mwenyewe amesafiri.

Akanitazama. "Amesafiri? Jana mangaribi aliniambia iko na mizigo tayari hapa."

Akatoa simu, akapiga.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Wakuu, sijui niwaelezee vipi ile sekunde. Motards wawili walikuwa pale wanachagua vioo. Wakageuka. Simu inaendelea kulia, Mama Kahindo kaishika yake sikioni, ananitazama suruali.

"Ni weye," akasema.

Nilitaka kusema "pardon", yaani samahani. Angalieni neno lenyewe linavyoanza. Likakwama. Shingo ikakaza, macho yakafumba. Nilipoyafungua nilitarajia kumkuta anaangalia pembeni.

Alikuwa amekaa juu ya boksi la mafuta ya injini, mikono magotini, ananitazama usoni.

"Sema," akaniambia. "Niko nangoja."

Ikatoka. Sijui baada ya muda gani, ila ilitoka.

"Bon. Sasa sikia," akasema. "Sikasirike juu ya ulimi yako. Kaka yangu iko vile vile. Nimekasirika juu umenifanya niongee na mashine wiki mbili, ni kama niko mujinga. Donc nitajua namna gani kama na mizigo yako haiko ya uongo?"

Akasimama, akaanza kurudi kwenye lori.

Pale nilikuwa napoteza kazi ya mwaka mzima, mbele ya mashahidi. Sikuwa na app wala Trésor. Nikachukua breki mbili, moja ile feki ninayoiweka kwa mfano, nyingine nzuri. Nikachukua ufunguo wa duka nikamkimbilia.

Nikaikwangua ile feki kwa ufunguo. Ikamwaga unga kama muhogo mkavu. Nikakwangua nzuri. Mstari mwembamba tu, hakuna unga.

Kisha nikasema, na hii nilikwama mara nne: "Bre... breki hii itaenda Banalia na kurudi. Hii ingine itakufa kabla ya kivuko."

Aliichukua ile nzuri, akaikwangua mwenyewe kwa nguvu. Akavuta pumzi.

"Nipe boksi tano. Kama ni mazuri, nitarudi. Na siku ingine ukinitumia vocal, itoke mu kinywa yako. Hata ikikamata dakika kumi."

Lori lilipoondoka, mmoja wa wale motards akaniuliza, "Papa, kumbe duka ni yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema basi rudia ile ya ufunguo, nirekodi. Nikamwambia subiri, nitarekodi mwenyewe.

Trésor alipinga sana. "Video iko na sekunde tatu tu, beau-frère! Mutu anapita!" Huo ndio mtindo siku hizi: sekunde tatu za kwanza zisipomshika mtu, ameshapita.

Mke wangu akamnyang'anya simu. "Nitapiga mimi."

Nikasimama mbele ya duka na breki zangu mbili. Neno la kwanza lilikuwa "breki". Lilikwama kupita zile sekunde tatu. Béatrice hakukata, na mimi sikuruhusu ikatwe. Likatoka. Nikakwangua, unga ukamwagika, nikataja jina langu. Ndiyo, Pascal, kwa taabu zake zote.

Haya ndiyo sikuyategemea. Trésor alifungua takwimu za video ile, akanigeuzia simu nione. Watu hawakupita. Walikuwa wanangoja neno litoke! Na likishatoka, wanabaki kuona nilichotaka kusema.

Kucheka walicheka, siwadanganyi. Kuna waliotengeneza video za kuniiga. Siku mbili sikula vizuri. Kisha chini kabisa kwenye comments, motard mmoja nisiyemjua akaandika:

"Mutu ambaye hawezi kuongea mbio, hawezi kudanganya mbio. Mi naenda kununua kwa huyu."

Akaja kweli, na wenzake saba.

Trésor naye akageuka. Akaniambia kwenye video inayofuata niongeze kigugumizi kidogo, kinavuta watu. Hapo niligoma. Nilimwambia nauza breki, siuzi kigugumizi. Siku nikikwama, video inaenda na kukwama kwake. Siku ulimi ukiwa mwepesi, inaenda hivyo hivyo. Alinielewa, na mpaka leo ndiye fundi wangu.

Mama Kahindo alirudi baada ya mwezi. Hakutaja boksi. Alisema, "Jaza lori."

Na mwaka huu chama cha motards cha mtaa wetu kiliita wauza vipuri, kila mmoja aseme neno, wachague mmoja wa kuwauzia. Uwanja ulijaa pikipiki. Waliotangulia waliongea kama redio.

Zamu yangu nikasimama. "Ndugu zangu, mimi nauza b..."

Ikagoma. Ikagoma kabisa. Nikasikia mmoja anacheka, mwingine akamnyamazisha. Nikakumbuka kupumua. Sikutafuta neno jepesi safari hii, nilitaka lile lile.

"...BREKI!"

Mmoja akapiga honi. Wa pili akapiga. Halafu uwanja mzima, wakuu, honi mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka nje kuuliza kuna harusi gani! Béatrice alikuwa nyuma anafuta macho kwa kitenge. Nilichaguliwa hata sijamaliza hotuba. Na hotuba ilikuwa imebaki ndefu, kwa hiyo waliokoka.

Nimejifunza nini?

Siwaambii AI ni mbaya. Naitumia kila siku: inakata video, inaweka maandishi chini, inanisaidia kuandika Lingala, naye Trésor anakagua kwa sababu huwa inaboronga. Kazi ya saa nyingi inakwisha haraka. Kosa lilikuwa langu, niliipa nafasi ya kuwa mimi.

Picha nzuri na sauti nzuri sasa kila mtu anazo, hata tapeli. Mteja ameshajua. Anachotafuta ni mkono wa mtu ukikwangua breki mbele yake, na mtu wa kumuuliza zikiharibika.

Na wewe ndugu mwenye kigugumizi unayesoma huku umejificha nyuma ya maandishi, nakuona. Nilikaa huko muda mrefu.

Karibuni mnaofanya biashara kwa video: nyinyi mmeiachia AI mpaka wapi? Wenye kunicheka pia karibuni, nimezoea. Ulizeni lolote, najibu mwenyewe, pole pole.