Kiwandani kwetu vumbi la kahawa halimdhuru mtu, ushahidi tunao na maziwa tunakunywa

Wakuu, poleni na majukumu.

Wale wenye mazoea ya kuandika "chai", yaani uongo, kabla hawajafika aya ya tatu, leo wekeni vikombe chini. Ninachosimulia nimekivuta kwa pua zangu mwenyewe.

Nipo kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa huku Mbozi. Mimi ni wa stoo. Mke wangu, mama Jofu, alikuwa ndani kwenye mashine, anamimina kahawa ikobolewe. Msimu ukichanganya, vumbi la maganda mle ndani linakuwa zito mpaka unamtambua mtu kwa sauti.

Barakoa? Za nini, wakati tuna maziwa!

Kila asubuhi bosi anagawa pakiti moja kwa kila mtu, eti yanasafisha mapafu. Yanatokaje tumboni mpaka yafike kwenye mapafu, usiulize, kwani wewe umesomea udaktari?

Msimu uliopita tukasikia mkaguzi wa usalama kazini anakuja. Bosi akaunda kamati ya afya chapuchapu, mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nilisoma sayansi mpaka form four. Wajumbe wengine ni binamu zake. Kazi yetu ilikuwa kufanya utafiti kama vumbi lina madhara.

Utafiti wenyewe sasa.

Watu walipangwa mstari uwanjani, bosi akasimama mbele. "Nani anaumwa kifua kwa sababu ya kazi yangu? Anyooshe mkono, tujue nafasi yake tumpe nani."

Hakunyoosha mtu. Mama Jofu, aliyekuwa anakohoa tangu tunatoka nyumbani, alikuwa ameng'ata khanga ili kikohozi kisimtoke. Binamu mmoja akatangaza matokeo: wagonjwa hakuna.

Tena tulikuwa na ushahidi unaotembea. Mzee Yohana, kiwandani miaka nenda rudi, kifua chake kizima kabisa. Kila mgeni lazima aonyeshwe mzee Yohana. Wanachosahau kusema ni kwamba yeye ni mlinzi wa getini. Ndani huwa anaingia mashine zikiwa zimezimwa.

Basi mama Jofu akapata msiba wa shangazi yake kule Ibaba, akakaa huko kama wiki mbili. Kikohozi kikakata. Karudi kazini, kabla ya chakula cha mchana kimerudi chote.

Nikampelekea bosi taarifa hiyo.

"Katibu, hiyo ni hali ya hewa. Ibaba kuna baridi nzuri."

"Bosi, baridi ya Ibaba inaleta kikohozi, haiondoi."

"Basi ni maziwa. Yalichelewa kufanya kazi."

Nikaamua kuwatafuta walioacha kazi, wakuu.

Jumapili moja nikaenda Hasamba kwa mama Tuma, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ile ile ya mama Jofu akaacha. Nilimkuta amekaa barazani, anaongea kwa kupumzika pumzika. "Mbona mimi hamkuniuliza, baba Jofu? Mlisubiri niondoke ndiyo muanze kuhesabu?"

Nisiwe muongo, moshi wa kuni nao anao jikoni, na mtu mmoja hamalizi ubishi. Lakini anatosha kukufanya uchunguze zaidi.

Kwenye kikao cha kamati nikamtaja mama Tuma, bosi akanijibu, "Huyo siyo mfanyakazi wetu. Utafiti ni wa wafanyakazi."

Nikamwambia sawa, basi kikao kijacho tukae ndani, mashine ikiwa inakoboa.

Akasema hawezi, ana aleji ya vumbi.

Hilo ndilo tatizo pekee la kiafya ambalo kamati yetu imewahi kulikubali.

Baadaye daktari akamwambia mama Jofu wazi kwamba akiendelea na mle ndani, kifua hakitarudi kama zamani. Akaomba kuhamishiwa nje kwa wanaochambua kahawa. Bosi akakataa, wengine nao wasije wakaomba. Mke wangu akaacha kazi aliyoipenda. Niliumia sana, na mpaka naandika hapa bado nina hasira.

Wiki hiyo hiyo mkaguzi akafika. Mstari ukapangwa, swali likaulizwa, mikono chini. Safari hii hata wa kung'ata khanga hakuwepo. Kuondoka kwa mke wangu kumewaboreshea matokeo!

Nikamfuata mkaguzi kwenye gari nikamwambia umewaona waliobaki, walioondoka wako Hasamba, twende nikuonyeshe. Alikwenda. Majibu tunasubiri. Ukatibu nimevuliwa, maziwa bado napewa.

Nilichojifunza: ukiambiwa kazi haina madhara kwa kuwa wote waliopo ni wazima, uliza waliougua wako wapi, na aliyekuwa anauliza alikuwa nani.

Waliofanya kazi kwenye vumbi, mashine za unga, saruji, mbao, shusheni uzoefu wenu. Muanze nyie mlioacha. Mlioko kazini najua hamkohoi.